Mac, Windows au Chromebook: jinsi ya kuchagua laptopu ya mtumba bila kubeba kimeo

Wateja wengi wanaofika mezani kwangu Kariakoo huanza na swali lilelile: "Fundi, ipi nzuri, Mac au HP?" Na mimi huwauliza: Jumatatu asubuhi ukiifungua, utaanza na kazi gani? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kompyuta. Hizi ndizo hatua ninazopitia na mteja kabla hajatoa hela. Nazungumzia laptopu za mtumba, maana ndizo tunazonunua wengi wetu.

Hatua ya 1: Andika programu kabla ya kutaja kompyuta

Chukua karatasi uorodheshe kila programu ambayo kazi au chuo kinakulazimisha kuitumia. Usiandike "mambo ya ofisi". Andika jina lake.

Binti mmoja anayesomea uhasibu aliniletea MacBook Air ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe), safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Mama yake alivunja kikoba akamnunulia.

"Shikamoo fundi. Naomba uniwekee Tally, ile programu ya uhasibu."

"Marahaba, mdogo wangu. Tally haina toleo la Mac."

Alinyamaza kidogo. "Lakini nimeambiwa Mac inafanya kila kitu."

Mashine yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa nzuri kwa mtu mwingine. Tukatafuta mnunuzi, akapata laptopu ya Windows na chenji ikabaki, ila wiki mbili za masomo zilishampita. Tangu siku hiyo karatasi hii siiruki kwa mteja yeyote.

Basi shika haya. TallyPrime, Revit, ArcGIS Pro, Power BI Desktop na Microsoft Access ni za Windows. Final Cut Pro na Logic Pro ni za Mac. Word, Excel, Photoshop, AutoCAD, SPSS na QGIS zipo pande zote mbili. Muuzaji anaweza kukwambia, "Utaweka Windows ndani ya Mac." Kwenye Mac za zamani zenye prosesa ya Intel hilo lilifanyika kwa Boot Camp, programu ya Apple wenyewe. Kwenye M1 na zilizofuata, Boot Camp haipo. Kuna Parallels, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, lakini ni ya kulipia, inaendesha Windows ya ARM (toleo la prosesa za aina hiyo), na inagawana RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na Mac yenyewe. Mwenye GB 8 atalia.

Ukiwa na programu hata moja ya Windows pekee unayoitegemea kila siku, mjadala umekwisha. Chagua Windows uende hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kama karatasi inaruhusu zote, angalia maisha yako

MacBook Air ya M1 ilitoka Novemba 2020 na mpaka leo naiheshimu. Haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi ndani. Ilipokuwa mpya Apple waliihesabia hadi saa 18 za kutazama video kwa chaji moja. Kwa mwandishi, mpiga picha, mhariri wa video au mtu anayeishi palipo na umeme wa kukatikakatika, ni chaguo langu la kwanza. Ujue tu ina matundu mawili ya USB-C na yote yako upande wa kushoto. Flashi na projekta vitakuomba adapta. Na flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, Mac itaisoma lakini haitaiandikia. Ifomati kwa exFAT, inayokubalika pande zote mbili.

Upande wa Windows, usikimbilie laptopu za rangirangi za dukani. Tafuta zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad mfululizo wa T za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Makampuni ya nje huzitumia miaka michache kisha huzitoa kwa mkupuo, ndiyo maana zinatufikia kwa wingi.

Chromebook, laptopu inayotumia ChromeOS ya Google, nampendekezea mtu mmoja tu: mwenye intaneti ya uhakika ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari. Kabla ya kununua, fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu ChromeOS, utazame tarehe ambayo masasisho yatakoma. Nyingi za mtumba tarehe yake imepita au inakaribia. Na zile zilizobadilishwa zikawekewa Windows naletewa mara kwa mara: sauti haitoki, au tachipadi imekataa. Ziache.

Hatua ya 3: Fikiria siku itakapotaka kufunguliwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninaposhinda kutwa.

Chukua ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa kwa nje. Kuongeza RAM naanza kwa kuiwasha huku nikibonyeza F1, naingia sehemu ya Config, kisha Power, nazima betri ya ndani. Nachomoa chaja na betri ya nje. Nalegeza skrubu za chini, nazungusha kadi laini ya plastiki pembezoni mpaka mfuniko uachie. RAM ziko mbele ya macho, nafasi mbili. Kipande kinaingia kwa mshazari, nakisukuma hadi meno ya dhahabu yazame, kisha nakilaza chini mpaka vishikizo vya pembeni viseme *tak*. Kwa kazi hiyo fupi, mashine ya GB 8 inaondoka na 16 au 32. Angalizo: T480s, ile nyembamba, ina RAM moja iliyolehemewa na nafasi moja tu.

MacBook ya M1 ukiifungua hukuti cha kuongeza. RAM imeungana na prosesa, na hifadhi imelehemewa kwenye bodi kuu. Ukinunua GB 8 na 256, utakufa nazo. Chai ikimwagika na bodi ikaungua, mafaili yanaondoka nayo. Kwa hiyo anayechagua Mac anunue na diski ya nje siku hiyohiyo, na kama mfuko unaruhusu atafute yenye GB 16.

Hatua ya 4: Soma prosesa, achana na stika

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel orodha rasmi huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache. Bonyeza kulia kwenye This PC, chagua Properties. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-7300U ni cha 7. i5-1135G7 ni cha 11. T470, ya kizazi cha kabla ya 8, na T480 zinafanana mno kwa sura, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Kwa Mac, chukua yenye prosesa ya M. Zenye Intel Apple wameshazitangazia mwisho: macOS Tahoe ya 2025 ni ya mwisho kuzipokea. Zile za 2016 hadi 2019 nyingi zina kibodi ya kipepeo inayokwama kwa punje ya vumbi. Hata ukipewa kwa bei ya kutupa, mwachie mwenyewe.

Hatua ya 5: Tafuta kufuli

Hii usiiruke kwa sababu yoyote. Kompyuta iliyotoka kampuni au shule inaweza kuwa bado imesajiliwa kwao. Inawaka vizuri dukani, unaitumia mwezi mzima, siku ukiifuta inakuuliza akaunti ya kampuni iliyoko Uingereza. Hapo umebaki na sinia.

Mwambie muuzaji aifute mbele yako. Kwenye Mac ni "Erase All Content and Settings". Ikiwaka upya, *iunganishe na intaneti*, hata kwa bando la simu yako, kisha endelea mpaka ufike kwenye dawati. Ukiona maneno "Remote Management" au ombi la Apple Account ya mtu mwingine, nyanyuka. Windows nayo iseti upya kwa intaneti hivyohivyo. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni, rudisha. ThinkPad ukibonyeza F1 ikaomba nenosiri, rudisha. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakujibu.

Hatua ya 6: Betri na kioo

Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotoka, linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, omba punguzo la kununulia betri mpya. Kwenye Mac angalia Cycle Count, yaani mizunguko ya chaji. Apple wanahesabu mizunguko 1000 ndiyo kikomo. Kwenye T480 hakikisha kioo ni cha pikseli 1920 kwa 1080, maana zipo za 1366 kwa 768 zinazochosha macho.

Hatua ya 7: Risiti

Risiti iandikwe namba ya utambulisho wa mashine (serial number), ile iliyobandikwa tumboni au iliyo kwenye About This Mac. Isome mwenyewe herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama kaunta, halafu uipige picha pamoja na mashine.