Pima mnazi bila ya kukwea: somo la makadeti wa zamani kwa skuli isiyo na maabara

Walimu wenzangu wa sayansi, khasa nyie wa shamba huku Unguja na Pemba, kila siku tunalia maabara hatuna vifaa hatuna, na mie nimelia sana tu. Leo nakupeni somo moja nnalofanya na vijana wa kidato cha pili, na sikulibuni mie, nimeliiba kwa makadeti wa Marekani wa miaka ya 1800 huko.

Ilikuwa hivi. Chuo cha kijeshi cha West Point kilianza 1802, halafu 1816 akaja kusomesha Mfaransa mmoja, Claudius Crozet, askari wa zamani wa Napoleon, na somo lake lilikuwa jiometri ya kuchora maumbo ambayo kitabu chake kwa Kiingereza hakuna, basi yeye akashika ubao na chaki, mpaka leo anatajwa miongoni mwa walimu wa mwanzo Marekani kutumia ubao darasani. Kitabu chake mwenyewe kimekuja kutoka 1821. Na mkuu wa chuo, Sylvanus Thayer (1817 mpaka 1833), akaweka utaratibu wa vikundi vidogo, kila kadeti anaitwa ubaoni, anachora, anaeleza kwa mdomo wake, anapewa maksi siku ile ile. Kujificha nyuma ya dawati hakuna. Hilo ndo nililoiba khasa, chombo ni baadae.

Haya, chombo cha kupimia pembe ya kilele. Chukua protrekta ya kwenye mkebe wa hesabu, mrija wa juisi, mshipi wa kuvulia kama shibiri moja, nati na selotepu. Bandika mrija juu ya ule upande ulonyooka wa protrekta, funga mshipi pale katikati penye alama ya kituo, nati ining'inie chini, halafu geuza upande wa duara uwe chini. Ukichungulia sawa na ardhi mshipi unakaa kwenye 90. Ukiinua jicho kutazama kilele mshipi unahama, na ile tofauti baina ya 90 na unaposoma ndo pembe yako. Ni mdogo wake tu yule teodolaiti wa wapimaji wa ardhi. Jua usilichungulie kwa chombo hichi hata kidogo, waambie watoto mwanzo kabisa.

Sasa nenda kwenye mnazi, na hapa ndo watu wengi wanakosea, manake minazi yetu imelala. Usipime masafa kuanzia kwenye gogo, pima kuanzia pale chini ambapo nazi ikidondoka kileleni ingeangukia (tia alama uondoke haraka bwana weye). Simama mita 10 kutoka hapo, ubavuni mwa ule mlalo. Tuseme pembe ni 48, kalkuleta ya simu itakupa tanjenti (yaani kimo ukigawa kwa masafa) 1.11, mara 10 ni mita 11.1.

Sie mara ya mwanzo tukaishia hapo tukafurahi, mkwezi akatukwelea akashusha kamba, kamba tukaipima, mita 12 na nusu! Nikaona aibu, mwalimu mzima. Sikuwaambia jibu, nikamwita binti mmoja ubaoni achore alichokifanya, anachora mstari kutoka jichoni kwenda kileleni, katikati ya maelezo akasita mwenyewe: “Mwalimu, mie nilikuwa nimesimama.” Kimo cha jicho lake mita 1.45, ongeza, imekaa. Ningeeleza mie wangesahau kabla ya kengele.

Jengine, usisogee karibu sana. Hapo mita 10 ukikosea digrii moja unapoteza kama sentimita 40, lakini ukisimama mita 4 kosa lile lile linakuwa sentimita 60, na shingo inauma. Tafuta pahala pembe iwe karibu na 45.

Akitokea wa kukucheka na mrija wako mwambie habari ya Albert Michelson. Alikuwa akisomesha fizikia chuo cha wanamaji kule Annapolis, 1878 akaandaa jaribio la kuwaonesha wanafunzi mwendo wa nuru kwa vitu vya chuoni na kioo cha kuzunguka cha kama dola 10, mwaka wa pili akalirudia kwa vifaa bora akapata kilomita 299,910 kwa sekunde. Leo tunasema 299,792. Mwaka 1907 akapewa Nobel.

Kikundi kisizidi watoto watano, kila mmoja achungulie mwenyewe na aandike pembe yake bila kuonesha mwenzake, halafu wote ubaoni muone zimepishana vipi. Na kusi likivuma nati haitulii hata useme nini, basi mtoto mmoja ashike kikombe cha maji nati izame ndani, itatulia.