SOMO: Jipimeni kama mko tayari kuomba ruzuku, kabla hamjaandika andiko

Wakuu habari. Meseji ni ileile kila siku, "nisaidie kuandika andiko tupate ufadhili", nikiuliza kama kikundi kina akaunti naambiwa "tutafungua tukishapata hela". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa.

Andiko zuri linaweza kuwapatia hela lakini haliwafundishi kuitunza. Kinachopimwa ni kama mnaweza kushika hela ya mtu kwa masharti yake, mkaitumia alivyosema, na mkamwonyesha ilipoenda.

1. Usajili na katiba. Viwe hai.

2. Akaunti ya benki kwa jina la taasisi, watia saini wawili au zaidi, na wasiwe mtu na mwenzi wake.

3. Bodi inayokaa kweli. Mihtasari ya vikao iwepo na iwe na saini. Mfadhili akiiomba ndo watu wanakesha kuitunga, na huwa inajulikana tu, tarehe zinagongana.

4. Kazi iwepo kabla ya hela. Mnamhudumia nani sasa hivi, na mnajuaje anasaidika? Hata kama ni daftari, hesabuni kuanzia leo.

5. HELA ITATOKA WAPI MKIWA MNASUBIRI. Hapa someni taratibu. Ruzuku nyingi haziji zote kwa mkupuo, zinakuja kwa awamu, na awamu ya pili inasubiri ripoti ya kwanza ikubaliwe. Nyingine ni za kurejeshewa, yaani mnatumia za kwenu kwanza, mnapeleka risiti, ndo mnalipwa. Sasa ripoti imerudishwa ina maswali, mishahara imefika, na kwenye akaunti kuna hela ya mradi mwingine imetulia. Vikundi vizuri kabisa vinafia hapo, wanachota kule kulipia huku wakisema tutarudisha, mkaguzi anakuja anakuta hela iliyotolewa kwa kazi moja imefanya nyingine, anaandika matumizi yasiyokubalika, mnatakiwa kurudisha. Hakuna aliyeiba hata senti na bado mnarudisha, na jina limeshachafuka kwa mfadhili.

Kwa hiyo choreni jedwali la miezi 12, kila mwezi kinachoingia na kinachotoka, halafu sogezeni kila malipo ya mfadhili mbele kwa miezi 3, kama vile yamechelewa. Kuna mwezi unaenda hasi na hamna akiba? Basi hamjawa tayari kwa ruzuku ya ukubwa huo, ombeni ndogo. Kila ruzuku iwe na hesabu zake kwenye vitabu, hata kama mkataba haujadai akaunti tofauti. Na tangazo likitaka mchangie sehemu ya bajeti, MSIANDIKE mchango ambao haupo. Wapo wafadhili wanaokubali saa za kujitolea zihesabiwe kama mchango ila wanataka karatasi zake, nani alifanya nini siku gani.

6. Nani ataandika ripoti? Nataka jina. Kama anayeandika andiko ni mtu wa kukodi na akimaliza anaondoka, nani atatekeleza alichoahidi?

7. Ruzuku ikiisha kinabaki nini? Kama mfadhili mmoja anabeba karibu kila kitu, tafuteni chanzo cha pili hata kidogo kwanza.

Namba 1 mpaka 3 mnaweza kurekebisha ndani ya muda mfupi. Ya 4 na ya 5 hazina njia ya mkato. Karibuni maswali.

kijana_wa_kazi: Mkuu somo zuri, naomba list ya wafadhili wanaotoa haraka

Hujasoma. Rudi namba 5.

Mama Bustani: Sisi kikundi chetu hakijasajiliwa ila kazi tunafanya na rekodi tunazo. Hakuna njia kabisa?

Ipo dada, na hizo rekodi zinawaweka mbele ya wengi. Tafuteni taasisi iliyosajiliwa yenye malengo yanayofanana na yenu, ipokee hela kwa niaba yenu. Itakata asilimia fulani ya usimamizi, na mbele ya mfadhili yenyewe ndo inawajibika, kwa hiyo itataka kuona kila risiti. Muandikishane mapema: hela inawafikia baada ya siku ngapi, nani anaidhinisha manunuzi, na vifaa vinabaki kwa nani mradi ukiisha. Hilo la vifaa huwa linaleta ugomvi kweli. Hakikisheni pia mfadhili anaruhusu mpango huo.

hakuna_kulala: Unakatisha watu tamaa, kuna jamaa walipata bila hayo yote

Waliopata hivyo wapo. Waulize kama walipewa mara ya pili. Mimi nataka mpate na mbaki salama, ndo maana nimekaa kuandika yote haya.

Mhasibu_mdogo: Pango, umeme, mshahara wangu mimi mhasibu, vinaingia wapi kwenye bajeti? Huwa tunaviacha tuonekane nafuu

Swali zuri sana, na msiviache, mtajilipia wenyewe mpaka mkauke. Hizo ni gharama zisizo za moja kwa moja na wafadhili wengi wana kiwango chao. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kama hamna kiwango mlichokubaliana nao, kwa kawaida mnaweza kudai hadi 15% ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za kazi ya mradi wenyewe, baada ya kutoa baadhi ya vitu kama vifaa vikubwa. Ilikuwa 10% mpaka Oktoba 2024. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, una 25%. Wengine hawatoi kabisa, hapo pigeni hesabu kama mnaimudu hiyo ruzuku.

Mama Bustani: Naongezea, kuna mtu alitaka tumlipe atusajili kwenye mfumo wa Marekani

SAM.gov, ule mfumo wa kusajili wanaoomba hela za serikali ya Marekani? Msimlipe mtu. Usajili ni bure, namba ya UEI, yaani ya kuitambulisha taasisi yenu, ni bure, na unahuishwa kila mwaka. Anzeni mapema tu maana uhakiki unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Mhasibu_mdogo: Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Sisi cheti kilikuwa na neno moja zaidi ya lililopo benki, tukarudishwa

Asante kwa hiyo. Anwani pia ilingane.