Kabla hujanunua mashine ya mkate, piga kwanza hesabu ya gramu

Watu wengi wakitaka mashine ya mkate wanaanza kuuliza ni kampuni gani nzuri. Mi naona swali la kwanza ni nyumbani kwenu mnakula mkate kiasi gani kwa wiki, sababu hilo ndo linaamua kama hela yako itarudi au mashine itaishia juu ya kabati. Nyumba yenye watoto wanne wanaokunywa chai na mkate kila asubuhi na nyumba ya mtu mmoja anayekula slesi mbili Jumapili haziwezi kununua kitu kimoja, na pengine huyo wa pili hahitaji kununua kabisa.

Sasa tuanze na hesabu. Bei nitakazoweka hapa ni za mfano kwa shilingi ya Tanzania, wewe futa weka za duka lako, cha muhimu ni njia. Mkate wa kawaida wa mashine unaingia unga wa ngano gramu 500, maji kama mililita 310, hamira ya chenga gramu 7, sukari gramu 20, mafuta vijiko viwili vya chakula hivi na chumvi gramu 8 au 9. Ukiiva na maji mengine yakatoka kama mvuke unabaki na mkate wa gramu 750 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Ngano tuseme kilo moja ni 2,000, kwahiyo nusu kilo ni 1,000. Hamira ukinunua ile pakiti kubwa ya nusu kilo kwa 7,000, gramu 7 ni kama 100. Sukari 60, mafuta 150, chumvi tuseme 10. Umeme nitaueleza hapo chini ila weka 140. Jumla 1,460.

Hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanachukua hiyo 1,460 wanalinganisha na bei ya mkate mmoja wa dukani wakati uzito si sawa. Angalia nailoni ya mkate unaonunua, imeandikwa gramu, kuna wa 400, kuna wa 600, kuna wa 800. Kama mkate wa gramu 600 unauzwa 2,000, basi gramu 750 za mkate wa dukani ni 2,500, na wewe wa kwako umekula 1,460, umeokoa kama 1,040. Mashine ya 350,000 inarudisha hela yake baada ya mikate kama 336. Ukioka mitatu kwa wiki hiyo ni miaka miwili na kidogo, ukioka kila siku ni miezi kumi na moja, ukioka mmoja kwa wiki ni zaidi ya miaka sita na sidhani kama hiyo mashine utakuwa bado unayo.

Alafu angalia kitu kingine kwenye hiyo hesabu: theluthi mbili ya gharama yote ni ngano. Kwahiyo anayetaka kupunguza gharama asihangaike na sukari wala chumvi, ahangaike na bei ya unga. Mfuko wa kilo 25 kwa kawaida unashusha bei ya kilo, ila uwe na ndoo yenye mfuniko unaobana kweli kweli, sababu ukanda wa pwani ukiacha unga wazi wadudu wanaingia haraka na ile faida yote inaenda kwa kuku. Na hamira usinunue vile vipakiti vya gramu 11 kama unaoka mara kwa mara, ukigawanya bei kwa gramu utakuta unalipa mara tatu au zaidi. Nunua kubwa, ukishaifungua hamishia kwenye kopo linalofunga vizuri, weka friza, inakaa miezi bila shida.

Ila faida hii ni ya mkate wa kawaida. Ukianza kuweka maziwa badala ya maji, mayai mawili, siagi ya kweli na zabibu, gharama inapanda haraka mpaka inapita ya dukani, na hapo usijidanganye kwamba unabana matumizi, unakula mkate mtamu zaidi na hiyo nayo ni sababu nzuri tu ya kuwa na mashine. Mimi naipenda sana hiyo sababu, kujua kilichoingia kwenye chakula cha watoto ni kitu kikubwa, ila ihesabu kwenye fungu lake.

Na umeme, ambao unaogopesha watu bure. Kwenye kibandiko cha mashine utaona wati 550, 700, nyingine mpaka 850, mtu anazidisha kwa saa tatu na nusu anakuta uniti karibu mbili na nusu anaahirisha. Haiko hivyo. Muda mwingi mashine inakanda na kuumua, mota ya kukandia inakula wati chache tu, kama mia au chini ya hapo, na wakati wa kuumua hita inawaka kidogo kidogo. Hita inafanya kazi kweli kwenye ile saa ya mwisho ya kuoka, na hata hapo inawaka na kuzima. Mkate mmoja unakula kati ya 0.3 na 0.5 ya uniti. Kwa mtu wa LUKU anayelipa kama 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kati ya 107 na 178. Oveni kubwa ya umeme kwa mkate huo huo mmoja inaweza kumaliza uniti nzima au zaidi, maana unapasha boksi kubwa zima kwa ajili ya kitu kidogo.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Cha kwanza kabisa, kabla ya rangi na vitufe, geuza mashine usome volti. Tanzania na Kenya tuko 230 hivi, na mashine iliyonunuliwa Marekani au Kanada ni ya 120, ile ya mtumba iliyotoka Japani ni ya 100. Ukichomeka moja kwa moja inaungua hapo hapo. Ndugu akisema anakutumia zawadi kutoka Marekani mwambie mapema, sababu utalazimika kununua transfoma ya kushushia umeme, na iwe ya wati 1,000 au zaidi sio ile ndogo ya kuchajia simu, ni hela nyingine na ni mzigo mzito pale jikoni. Ya Uingereza, Dubai au Oman haina neno, volti sawa na plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba. Ya Ujerumani au Ufaransa volti ni sawa, plagi ndo tofauti, tafuta adapta imara sio ya kulegea, maana mashine inakaa imechomekwa masaa.

Cha pili ni umeme kukatika, na hapa kwetu mi nakiweka juu kuliko idadi ya programu. Mashine nyingi nzuri zina kumbukumbu, umeme ukikatika kwa dakika chache, mara nyingi kama 10, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Zile rahisi sana hazina, umeme ukipepesa tu hata sekunde mbili inarudi mwanzo, wewe una donge limeshaumuka na mashine inataka kuanza kulikanda upya. Muulize muuzaji, asipojua omba kitabu cha maelekezo usome mwenyewe. Na ukikatika muda mrefu usitupe kitu, toa donge weka kwenye sufuria uliyoipaka mafuta, liache liumuke, palia mkaa juu na chini kama unavyopika keki, mkate unatoka vizuri tu.

Ukubwa: zipo za mkate wa gramu 500, 750, kilo moja, mpaka kilo moja na robo. Familia ya watu watano nenda kilo moja. Usinunue kubwa kwa kufikiri utatengeneza kidogo kidogo, kila mashine ina kiwango cha chini cha unga, ukiweka chini ya hapo kile kipande cha kukandia kinazunguka na unga unabaki umeganda kwenye kona. Angalia pia umbo la bakuli la ndani. La kusimama linatoa mkate mrefu wa ajabu ambao slesi zake haziingii kwenye tosta, la kulala linatoa mkate unaofanana na wa dukani, na mengine ya kulala yana vipande viwili vya kukandia kwahiyo unga unachanganyika vizuri mpaka pembeni. Tundu chini ya mkate litakuwepo kwa mashine zote, usilalamike.

Bakuli hilo na kipande chake cha kukandia ndo vinavyokufa mapema. Utando wa ndani usiogandisha unakwanguka, na mpira wa chini kwenye ekseli unachoka, maji yanaanza kuvuja kwenye hita. Kwahiyo kabla hujalipa uliza kama spea zinapatikana. Kampuni yenye jina inaweza kuwa ghali kwa laki moja na nusu, lakini kama bakuli lake unalipata Kariakoo au kwa kuagiza, na la ile isiyojulikana halipatikani popote, hiyo ya bei nafuu ndo ghali. Na ukishainunua usiingize kisu wala kijiko cha chuma humo, mkate ukigoma subiri dakika kumi, geuza bakuli tikisa, utatoka.

Programu 19 au 25 kwenye boksi zisikutie wazimu, utatumia tatu: mkate wa kawaida, wa ngano isiyokobolewa, na ile ya kukanda na kuumua tu bila kuoka. Hiyo ya tatu naomba uichukulie kwa uzito sana, sababu mashine ikishakukandia unga wa maandazi, skonzi au mkate wa ajemi wewe unakuja kukata na kupika tu, na kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ya biashara hiyo peke yake inaweza kulipa mashine. Ukandaji kwa kweli ndo roho ya hii kitu. Miaka ya 1980 kampuni ya Matsushita ya Japani, ndo Panasonic ya leo, ilipokuwa inatengeneza mashine yake mkate ulikuwa unatoka vibaya, mpaka mtaalamu wao wa programu za kompyuta Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka na kuona jinsi anavyouvuta na kuusokota unga, wakaongeza mbavu ndani ya bakuli ili kuiga hiyo. Kwahiyo ukiona bakuli lina mbavu pembeni ujue zina kazi.

Kipima muda cha kuchelewesha kinakupa mkate wa moto asubuhi, unaweka vitu usiku unalala. Kwa mkate wa maji sawa kabisa. Kwa maziwa fresh na mayai hapana, joto la Dar au Mombasa usiku kucha hivyo vitu vinaharibika.

Na joto hilo hilo linaharibu mikate ya watu wengi wanaofuata vipimo vya kitabu kama vilivyo. Vipimo vile viliandikwa kwa jiko la nyuzi 20 hivi, wewe jikoni kwako kuna 31. Hamira inachangamka, mkate unapanda mpaka unagusa mfuniko, alafu unabonyea katikati wakati wa kuoka. Tumia maji ya friji, punguza hamira robo, na chumvi usiipunguze sababu ndo inayoizuia hamira isikimbie. Mtu wa Arusha, Limuru au Bukavu kwenye baridi anaweza kuacha vipimo vilivyo.

Unga uangalie kwenye pakiti protini kwa kila gramu 100, kuanzia 11 kwenda juu mkate unasimama, chini ya hapo ni mzuri kwa keki na mkate wako utakuwa mfupi. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kikombe kinadanganya sana, mmoja anashindilia mwingine anamwaga tu. Mashine nyingi zinataka maji kwanza, unga juu yake, na hamira mwisho kwenye kishimo isiguse chumvi, ila baadhi za Panasonic zinataka kinyume, hamira chini kabisa na maji mwisho, kwahiyo soma kitabu. Ikishakanda dakika kama saba fungua mfuniko, inaruhusiwa wakati huo, uguse donge: liwe laini kama ndewe ya sikio, linashika kidole kidogo na kuachia. Likiwa linatawanyika ongeza unga kijiko kimoja, likiwa gumu na mota inaunguruma ongeza maji kijiko kimoja, subiri kidogo uone kabla ya kuongeza tena. Ikianza kuoka usifungue kabisa.

Mashine ikilia kwamba mkate umeiva utoe mara moja, usiuache humo ukatoa jasho, weka kwenye waya upoe kama saa nzima ndo ukate kwa kisu cha meno. Huu hauna dawa ya kuzuia ukungu kama wa dukani, kwa unyevu wa pwani siku ya tatu unaweza kukuta madoa, kwahiyo kata wote, wa leo na kesho acha nje, uliobaki weka friza kwenye mfuko na utoe slesi unazohitaji moja kwa moja kwenye tosta au kikaangio. Friji ya kawaida usiuweke, unakauka haraka kuliko ukiuacha mezani.