Gawa kwa 800, ongeza nusu saa

Ukitaka kujua ndege itachukua muda gani kati ya miji miwili ya nchi jirani, chukua umbali wa angani kwa kilomita, gawa kwa 800, kisha ongeza dakika 30. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama kilomita 670 angani: dakika 50, ongeza 30, unapata saa 1 na dakika 20 hivi. Usitumie kilomita za barabara (kupitia Namanga zinapita 850), zitakudanganya. Hizo dakika 30 ni za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, na hazipungui hata safari ikiwa fupi.

Usipige hesabu kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, maana tiketi huandika saa za kila mji. Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa 1. Safari ya kama saa 2 kwenye tiketi itaonekana saa 1 tu, na ya kurudi itaonekana saa 3. Wengi hudhani ya kurudi inatua njiani. Na 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi, sio saa nane. Watu wameachwa na ndege kwa hilo.

Kwa ndege za mapangaboi gawa kwa 500. Kinshasa na Brazzaville sahau kabisa hesabu hii: zinatazamana ng'ambo ya mto, watu huvuka kwa boti.