Jinsi ya kutafuta rekodi za jinai katika jimbo la Washington, Marekani

Anayetafuta yaya, au anayetaka kujua mwajiri ataona nini juu yake kabla hajapeleka maombi ya kazi, hana haja ya kuanza na tovuti za kibiashara zinazouza taarifa za watu. Katika jimbo la Washington, rekodi za waliotiwa hatiani ziko wazi kwa umma, na mtunzaji wake ni polisi wa jimbo, Washington State Patrol, kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao WATCH.

Kwanza pata jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mhusika, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, ukikumbuka kwamba Wamarekani huanza na mwezi, ndipo siku. Kisha fungua WATCH, chagua utafutaji kwa jina, jaza taarifa hizo na ulipe kwa kadi ada ya dola 11. Majibu hutoka papo hapo.

Ni katika kuyasoma majibu ndipo wengi hujikwaa. Utafutaji wa jina hulinganisha herufi na tarehe tu, haumtambui mtu, na wakimbizi wengi waliotoka Kongo au Somalia waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku yao halisi haikujulikana. Hivyo akina Hassan Mohamed wawili wa mwaka mmoja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja, na yule yule mmoja akakosekana kwa sababu karani aliandika Muhammad. Tafuta kwa kila tahajia unayoijua, ijapokuwa kila jaribio lina ada yake, na usimhukumu mtu kwa jina peke yake. Panapobaki shaka, utafutaji wa alama za vidole, ambao ada yake ni dola 58, ndio wa kutegemewa.

WATCH haivuki mpaka wa jimbo: aliyehukumiwa Oregon hataonekana humo. Kesi za madai nazo, zikiwemo za kufukuzwa kwenye nyumba, hutafutwa bila malipo katika tovuti ya mahakama za Washington, isipokuwa Kaunti ya King, lilipo jiji la Seattle, ambayo mahakama zake zina milango yao ya mtandaoni.

Mwajiri anayeagiza ripoti kutoka kampuni ya uchunguzi anabanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, inayomtaka apate kwanza idhini ya maandishi ya mwombaji na, kabla ya kumnyima kazi kwa sababu ya ripoti hiyo, ampe nakala yake. Nakala hiyo idai, uilinganishe na majibu ya WATCH uliyoyalipia mwenyewe, na ukikuta kosa ambalo si lako, iandikie kampuni iliyoitoa ukipinga kipengele hicho kwa kukitaja.