Celica ya kiwandani na barabara za Unguja: fedha ianzie wapi

Mwenye gari la milango miwili la mwendo wa kasi, akishapata akiba kidogo, huanza kufikiria nguvu za injini, na kitu cha kwanza anachouziwa aghalabu ni bomba la moshi lenye mlio mkubwa. Nashauri apange matumizi yake kwa njia nyingine. Nitatumia mfano wa Toyota Celica ya toleo la saba, iliyotengenezwa tangu 1999 hadi 2006, kwa kuwa ndiyo ninayoiendesha na kuitengeneza, lakini utaratibu huu unafaa gari lolote la aina hiyo ambalo bado halijabadilishwa sana.

Kabla ya kuchagua kifaa chochote, itizame barabara utakayopita. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na safari ya kutoka Mjini kwenda Nungwi ni kilomita 60 hivi, nayo hupita katikati ya vijiji, matuta, watoto wa skuli, bodaboda na gari za ng'ombe. Ukienda Paje utapita msitu wa Jozani, ambako matuta yaliwekwa ili kuwanusuru kima punju wasigongwe. Katika njia kama hizi, nguvu inayopatikana injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika haina pa kutumika. Kinachotumika kila siku ni gari kushika barabara kwenye kona, kusimama kwa uhakika na kuchomoka vizuri baada ya tuta. Hivyo ndivyo vitu vya kununua.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla hujajua afya ya injini. Celica za kawaida zina injini ya 1ZZ-FE yenye ujazo wa sisi (cc) 1,794, na zile zilizouzwa Japani zilipimwa nguvu za farasi 145. Injini za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo, huziba kwa masizi, na ringi za oili zikakwama. Toyota ilizibadilisha pistoni hizo baadaye. Kipimo chake hakigharimu kitu. Egesha gari mahali tambarare asubuhi kabla hujaliwasha, chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ukisome. Jaza oili mpaka alama ya juu, endesha kilomita 1,000, halafu pima tena mahali pale pale. Ikiwa umelazimika kuongeza lita nzima, basi fedha yako ni ya ringi na pistoni, na mengine yote yasubiri. Pamoja na hilo, badilisha plagi, kichujio cha hewa na maji ya rejeta kama hujui vilibadilishwa lini, kwani gari la mtumba mara nyingi hupata nguvu zake zilizopotea kwa matengenezo haya tu.

Injini ikiwa nzima, fedha ya kwanza iende kwenye matairi, na hapa sikubali ubishi. Kila unachotaka gari lifanye, iwe kukata kona, kusimama au kuondoka, hufanywa na vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja. Unapokwenda madukani, Mwanakwerekwe au kwingineko, usiridhike kwa kuona kashata nene, yaani ile mikato ya mpira inayogusa lami. Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pitisha kidole gumba katikati ya kashata ukibonyeza, kisha likunje kidogo bavu lake. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, mpira huo umekwisha hata kama haujawahi kugusa lami, na jua letu huharakisha hali hiyo. Tairi la mtumba la miaka minane, hata liwe la kampuni yenye sifa, halishiki barabara iliyolowa kama tairi jipya la bei ya kati. Bakia na saizi ya kiwandani au karibu yake. Namba 205/50R16 maana yake ni upana wa milimita 205, bavu lenye kimo cha asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukipanda mpaka inchi 18 unaongeza uzito kwenye gurudumu, unapunguza bavu, na shimo moja la masika linaweza kuipinda rimu. Ukishafunga matairi, fanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, siku hiyo hiyo.

Baada ya matairi ni breki, na tena kwa bahati njema kinachohitajika kwanza ni cha bei ndogo. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba zaidi ya mara moja na nusu ya nishati ya lile linalokwenda 80. Joto hilo lote hupita kwenye pedi na diski, na sehemu yake hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, nasi tunaishi kisiwani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama kama unakanyaga godoro. Fungua kopo dogo lililo ndani ya boneti: mafuta mazuri yana rangi ya asali nyepesi, na yakiwa yamegeuka rangi ya kahawa, yamwagwe yote, yawekwe mapya na hewa itolewe kwenye breki za magurudumu yote manne. Nunua chupa iliyofungwa, wala usitumie iliyobaki kwa fundi tangu mwaka jana. Kisha tafuta pedi nzuri za kutumia barabarani. Pedi za mashindano huhitaji joto kabla hazijauma, nazo zitakuangusha kwenye tuta la kwanza la asubuhi.

Shokapu na bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, ndizo zinazofuata. Gari la miaka ishirini lenye shokapu za asili huyumba, na watu hudhani ndivyo lilivyo tangu kiwandani. Weka shokapu mpya za kiwango cha kiwandani na bushi mpya za mikono ya chini, utashangaa. Usikubali springi zikatwe ili gari lilale: kwa matuta yetu utakuwa unafagia lami kwa tumbo la injini.

Uzito ni jambo la bure. Celica ina kilo 1,100 hivi. Ukitoa kilo 50, umepunguza asilimia nne na nusu ya mzigo, na kwa kuchomoka ni sawa na kuongezewa nguvu za farasi sita au saba. Boksi kubwa la spika nyuma lina karibu uzito huo. Tairi la akiba libaki.

Njia ya hewa na bomba la moshi nimeziweka mwisho kwa makusudi, kwani kwenye injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, hutoa farasi wachache tu. Kichujio cha wazi kilichofungwa ndani ya boneti huvuta hewa ya moto, na kila nyuzi kumi za joto huipunguza hewa uzito kwa asilimia tatu hivi. Mlio unaongezeka huku nguvu ikipungua. Mimi nilikwepa kosa hilo nikaingia kwenye lingine. Niliuziwa bomba lililopeleka kichujio chini, nyuma ya bampa, na siku moja ya masika nikaingia dimbwi ambalo daladala zilikuwa zinalivuka bila shida. Injini ilivuta maji, na kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa, mkono mmoja wa pistoni ulipinda. Kisanduku cha hewa cha kiwandani kimeinuliwa juu kwa sababu. Kiache, uweke ndani yake kichujio kipya cha karatasi.

Kama una Celica yenye injini ya 2ZZ-GE, ile ya nguvu za farasi 190, tofauti iko kwenye petroli: iliundwa kwa ajili ya petroli ya okteni ya juu, yaani isiyolipuka kabla ya wakati wake injini inapoishindilia, na kupata petroli safi kwenye kituo unachokiamini ni bora kuliko programu yoyote ya kompyuta ya gari.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kila unapofunga kipya, pita njia ile ile, saa ile ile ya asubuhi barabara ikiwa tupu, na uandike kwenye daftari upepo wa matairi, kilomita, petroli iliyotumika na namna pedali ilivyojibu. Vitu viwili vikifungwa siku moja, hutajua ni kipi cha kumrudishia muuzaji.