Sabuni ya Kuogea ya Mafuta ya Nazi: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani

Anayetaka kujitengenezea sabuni ya kuogea kwa kujifurahisha hahitaji mtambo wala chumba maalumu, lakini kuna kifaa kimoja asichoweza kukikosa, nacho ni mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Vikombe na vijiko havifai katika kazi hii, kwa sababu kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki, kemikali kali inayoigeuza kuwa sabuni: gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183, mawese 0.142 na alizeti 0.135. Kostiki ikizidi, sabuni huchoma ngozi; ikipungua mno, hubaki laini na yenye mafuta. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwanza, kisha kiasi kilichopatikana hupunguzwa kwa asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kuilinda ngozi.

Kwa kilo moja ya mafuta, anza na gramu 300 za mafuta ya nazi, gramu 400 za mawese na gramu 300 za alizeti. Mchanganyiko huo hudai gramu 144 za kostiki, baada ya kupunguza ile asilimia 5, pamoja na gramu 300 za maji safi. Ya mvua yaliyochujwa yanafaa kuliko ya kisima. Kostiki inayokusudiwa ni sodiamu hidroksaidi isiyochanganywa na kitu kingine. Magadi ya kulainishia maharage hayawezi kushika nafasi yake, hata yakiongezwa maradufu.

Wanaoishi pwani na kuogea maji ya kisima yenye chumvi wana sababu nzuri ya kuongeza mafuta ya nazi, maana sabuni yake hutoa povu hata katika maji ambayo sabuni nyingine huyaacha na utando mweupe. Unaweza kutumia nazi peke yake, ila sabuni ya namna hiyo husafisha kwa ukali na kukausha ngozi, kwa hiyo punguza kostiki kwa asilimia 20 badala ya 5. Gramu 500 za nazi tupu zitachukua gramu 73 za kostiki. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa ina mafuta ya aina moja tu na huganda haraka.

Kabla ya kugusa kostiki, vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu, kisha fanyia kazi nje au penye dirisha lililo wazi, mbali na watoto. Sufuria za alumini zilizojaa majikoni mwetu hazifai kabisa: kostiki huzila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Tumia chombo cha stenlesi au ndoo ya plastiki ngumu inayostahimili joto. Mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga, na usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, kwa kuwa joto lake hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kuruka usoni. Ikikudondokea mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika kadhaa, bila kupoteza muda kutafuta siki; ikiingia jichoni, endelea kuosha na uende hospitali mara moja.

Acha maji ya kostiki yapoe hadi nyuzi 40 hivi, na mafuta yawe na joto linalokaribiana na hilo. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo wakazi wa Arusha au Nairobi watalazimika kuyayeyusha katika miezi ya baridi, ilhali yule wa Tanga atayakuta tayari ni maji. Mimina maji ya kostiki katika mafuta, ukoroge kwa mwiko bila kuchoka. Blenda ya umeme ya kushika mkononi hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, ilhali mwiko waweza kuchukua saa nzima. Uji huo wa sabuni huwa tayari pale tone linalodondoshwa juu yake linapoacha alama kwa muda kabla ya kuzama.

Manukato hutiwa wakati huo. Mafuta ya karafuu, yale ya Pemba, yanavutia, lakini yana tabia ya kugandisha uji ghafla na huwasha ngozi yakizidi, kwa hiyo gramu 5 kwa kilo ya mafuta zinatosha, na kalibu iwe tayari kando. Mchaichai ni mpole zaidi. Unga wa mwani, ambao kina mama wa Paje huko Unguja huutia katika sabuni zao, hutaka kusagwa laini sana, la sivyo hukwaruza.

Mimina uji katika boksi la mbao lililotandikwa karatasi ya kuokea au katika katoni tupu ya maziwa, na uufunike. Sabuni ya mchanganyiko hukatwa baada ya saa 24 au zaidi, ila ile ya nazi tupu ikatwe siku hiyohiyo, mara inapokuwa ngumu lakini bado ina uvuguvugu, kwani ikipoa kabisa humeguka vipande chini ya kisu. Vaa glavu hata wakati wa kukata. Panga vipande kwenye rafu yenye hewa, pasipo jua, kwa wiki 4 hadi 6, ili maji yapungue na sabuni iwe ngumu na ya kudumu bafuni. Rangi ya machungwa inayotokana na mawese mekundu itafifia kwenye mwanga, jambo lisilodhuru. Kostiki iliyobaki ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa barabara na kuandikwa jina, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa, uzito unaousoma kwenye mizani si wa kostiki peke yake tena.